Herufi Kiganjani mwa Baba

Baba alijivuna hadi akakera. Kila aliyekuja kwetu Smethwick, Uingereza, kunywa chai aliambiwa habari za Ishmeet, mjukuu wake, asomaye herufi zetu za Kipunjabi kama maji. "Macho yangu yamezima," husema, "lakini ya Ishmeet yapo. Kitabu hakitafungwa nyumba hii." Mimi shangazi mtu nilimimina chai tu. Kaka yangu Daljodh, baba wa Ishmeet, na mimi hatujui alifu wala be, tulilelewa kwa Kiingereza tu.

Jumapili ile tulipanda hadi chumba cha juu kunakokaa Guru Granth Sahib, Kitabu kitakatifu chetu sisi Masingasinga, tumpe jina mtoto mchanga wa Daljodh. Kwetu jina halichaguliwi kwa kupendeza. Kitabu hufunguliwa popote, aya ikasomwa, na herufi yake ya kwanza ndiyo inayoanza jina. Aya yenyewe ni neno la Guru kwa mtoto. Miaka yote msomaji alikuwa Baba; siku hiyo aliketi kando, na Ishmeet akakaa nyuma ya Kitabu, kichwa amekifunika.

Akafungua.  Akaanza, sauti nyororo, bila kukwama. Daljodh akanikonyeza kwa majivuno.

Baba alinyoosha mkono kuweka sawa kitambaa cha hariri juu ya kurasa. Vidole vikatua kwenye ukingo wa karatasi, vikabaki pale.

"Ishmeet, hayo ni ya sura ya Asa. Yale tunayoimba alfajiri."

"Ndiyo, Babu."

"Asa haifiki hata katikati ya Kitabu. Hapa kurasa zimebaki chache. Soma kilichopo, mama."

Msichana akainamisha uso. "Siwezi, Babu. Huwa nasoma kwenye simu, kwa herufi za Kiingereza, halafu nakariri. Hizi zenyewe sizijui."

"Miaka yote hiyo?" Daljodh akafoka. "Kwenye darasa la Kipunjabi mlikuwa mnafanya nini, mnakula sambusa?"

"Basi njoo usome wewe, Baba! Njoo!" Ishmeet akamjibu baba yake.

Daljodh hakusogea. Niliona aibu, na hasira pia, wala sijui ya nani. Sote tuna macho mazima, na asiyeona ndiye pekee aliyejua kusoma.

Baba hakugomba. Alikunjua kiganja. "Ichore hapa ile herufi ya kwanza."

Ishmeet akachora kwa kidole. Baba akatikisa kichwa.

"Tena. Polepole."

Akachora tena, machozi yakimdondokea babu yake mkononi.

"Ra," Baba akasema.

"Ranjodh," wifi yangu akasema upesi, akimkumbatia mwanawe. Tukaitikia kwa furaha, tena furaha ya kweli.

"Na ya pili, Babu?" Ishmeet akachora. Baba akaikosa. Akaikosa tena. Kisukari kimeshamtia ganzi kiganjani.

"Basi, mwanangu. Funika."

Ishmeet akakifunga Kitabu, akakifunika. Tulipokuwa tunashuka ngazi, Daljodh akapata wazo.

"Tutampigia msomaji wa hekaluni atusomee aya yote. Ilikuwa ukurasa wa ngapi?"

Akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Ishmeet.

"Hata namba zimeandikwa kwa herufi zetu, Baba, sikuweza kuisoma," akamwambia baba yake.

Nyuma yetu, chumbani juu, Baba alikuwa bado ameketi, kiganja wazi.