Gari Lililokataa Kujipinda

Haya ninayosema ni kweli tupu, na nikitia hata chembe ya chumvi, nilipishwe mbele ya watu.

Asubuhi hiyo fundi wa kuchomelea alikuwa chini ya gari la Mheshimiwa, amelala chali juu ya boksi lililokatwa, anamalizia mshono wa mwisho. Mheshimiwa, ambaye kazi yake ni kutuwakilisha na starehe yake ni kukata kona kwa kasi, alilalamika kwamba gari likiingia konani linajinyonga kama nguo inayokamuliwa. Alitaka chasisi ngumu. Basi fundi akaitia vyuma vya mshazari, akaunganisha vichwa vya shokapu kwa bomba nene, akajenga kizimba cha vyuma ndani, akachomelea kila palipochomeleka. Mwisho alitia jeki kwenye gurudumu moja, na yote manne yakaiacha ardhi kwa pamoja. Akasema kazi nzuri ndivyo inavyokuwa, akaenda kunawa.

Jioni Mheshimiwa akalijaribu kwenye kona ya mtaa wetu. Gari halikujipinda hata unywele. Na kwa kuwa konani lazima kitu kijipinde, barabara yenyewe ikajipinda, nayo ikaivuta nyumba ya kwanza, ya mshonaji. Nyumba ikaguna, ikakata kiuno kidogo, ikatulia. Mshonaji akamaliza sketi aliyokuwa nayo mkononi, kisha akaenda kufunga mlango. Haukufungika.

Ikawa kila gari likipita, upenyo wa mlango unaongezeka. Ulianza kupitisha kidole, ukapitisha paka, ukaja ukampitisha jirani aliyekuwa anaazima uzi. Mshonaji ni mjane. Cherehani ndiyo inayomlisha yeye na mama yake. Akaanza kulala na kamba, upande mmoja kwenye cherehani, upande mwingine kwenye kidole gumba cha mguu. Mama yake akamwambia wezi wakija watambeba na yeye, na hapo watakuwa wamepata hasara.

Tukaenda mtaa mzima kwa Mheshimiwa. Alitusikiliza vizuri, huku akilifuta gari kwa kitambaa laini.

"Gari langu halina kosa," akasema. "Nyumba zenu ndizo laini. Zitieni vyuma."

Baadhi yetu tulipiga makofi, kwa mazoea.

Wenye uwezo wakamwita fundi. Kumbe ukiitia nyumba yako vyuma, mpindo haupotei, unahamia kwa jirani. Kinyozi alitia, kesho yake ukuta wa muuza maziwa ukakaa kama mtu aliyeumwa kiuno. Muuza maziwa naye akatia. Mwishowe mpindo wa mtaa mzima ukarundikana kwa mshonaji, ambaye hakuwa na cha kumpa fundi. Akawa anaingia kwake kwa dirishani, na wateja wanapimwa wakiwa nje.

Juzi nilikuwa nawasimulia wenzangu haya, kwa kiapo kile kile, kibarazani kwangu, nikisikitika kwamba hata mimi mlango wangu haufungiki, nalala wazi kama soko. Mshonaji alikuwapo, ameniletea suruali yangu. Akausukuma mlango wangu kwa kidole kimoja. Ukafungika, tena kwa upole.

"Babu," akasema, "umetia vyuma lini?"

Nikamwambia uzee huu, nimesahau. Akaingia, akapapasa nyuma ya pazia, akatoka na kidole chenye rangi mbichi ya vyuma.

"Umesahau ya jana?"

Walicheka hadi mmoja akamwaga chai yake. Wakanikumbusha kiapo changu neno kwa neno, fundi akaitwa papo hapo, nikalipia vyuma vya nyumba ya mshonaji, na ile chai iliyomwagika, na ya wengine wote. Leo mlango wake unafungika. Kamba imerudi kuanikia nguo.

Jana jioni Mheshimiwa akapita konani, mbio, akatupungia mkono. Nasi tukampungia. Kisha kila mtu akatega sikio, kusikia ni nyumba ya nani itakayoguna.