Joviale Anapika Ukutani

Mafuta ya mawese yakizidi kwenye kalibu ya zege, pano ya kubandika ukutani inatoka na madoa. Yakipungua, inakataa kutoka kabisa, mpaka uipige ngumi mgongoni, na ukiipiga inapasuka. Maman Cibalonza alijua kipimo chake. Kila asubuhi alifika atelier ya patron Grégoire kule Bagira, akavua viatu, akafunga kitenge cha kazi juu ya kitenge cha heshima, akapaka kalibu moja moja kwa kitambaa, polepole, hata kwenye mishipa ya jani. Maana kalibu zenyewe zilikuwa na umbo la jani la mgomba, limegawanyika vipande vinne. Ukipanga pano nne ukutani nyuma ya jiko, jani linakamilika, na mafuta ya kukaangia hayaharibu tena rangi ya nyumba. Watu wenye nyumba mpya za Muhumba na Nguba walikuwa wanazipenda sana siku hizo.

Patron Grégoire alijifunza kazi hiyo kwenye simu. Simenti nyeupe, mchanga, rangi ya unga, maji kidogo. Kisha meza inayotikiswa na mota ya mashine ya kufulia nguo, ili mapovu yatoke. Mchanga ulikuwa unatoka Kamanyola. Barabara ilipojaa vizuizi na malori yakaacha kupanda, alianza kununua mchanga wa karibu, wa kile kilima kilichoteremka.

Kilima hicho hapa mjini nani asiyekijua? Kiliteremka Jumapili moja wakati wa misa ya pili, kikafunika mtaa mzima na wale waliobaki nyumbani. Joviale, binti wa Maman Cibalonza, alibaki kwa sababu mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa, na yule mkubwa akabaki kwa sababu mdogo amebaki. Watu walichimba kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Mashine iliyoahidiwa haikufika. Wakubwa walikuja na magari yao, wakatazama, wakasema basi, kuanzia leo hapa ni makaburi, pasiguswe. Padri akabariki, msalaba wa mbao ukasimamishwa. Mvua za mwaka uliofuata zikaosha udongo, ukabaki mchanga mweusi mzuri, na makaburi yakapata mwenyewe. Mwenyewe huyo ana karatasi zote, na mihuri yote. Msalaba ukahamishiwa kando ya barabara ili malori yapate pa kugeuzia.

Wafanyakazi wawili wa Grégoire waliacha kazi walipojua mchanga unatoka wapi. Maman Cibalonza hakuacha. Aliomba apewe yeye kazi ya kuchekecha. Alichokuwa anatafuta kila mtu alikijua: mfupa, kandambili, shanga, chochote cha kutia ndani ya sanduku akazike kama watu wanavyozika. Alipata kijiko, kitasa, na kifungo cha shati la mwanamume. Havikuwa vyao. Vingine vyote vilipita kwenye matundu ya wavu, vikawa jani la mgomba.

Pano za kwanza za mchanga huo zilikwenda Muhumba, kwa Maman Agathe. Ni mwanamke msomi, ana ofisi katika shirika linalosaidia watoto wenye utapiamlo, na watu wa kazini kwake wanamsifu. Hata wiki mbili hazijapita akampigia Grégoire simu. Grégoire akamtuma Maman Cibalonza aende kutazama viungo, kwa kuwa labda gundi ilikuwa mbovu.

Gundi ilikuwa nzuri.

“Haiko gundi, Maman,” alisema Maman Agathe. “Ni ukuta. Inapikaka. Sisi hatuyawasha hata moto, inaanza kunuka sombe.”

“Kila jioni,” aliongeza Pascal, mpishi wake, bila kuacha kumenya viazi. “Tunaanzaka naye pamoja.”

Maman Cibalonza alisogeza uso wake ukutani. Ilikuwa sombe kweli, ya majani ya muhogo, na vidagaa vya sambaza vilivyokaangwa kwanza, na pilipili nzima isiyokatwa, na mawese yaliyoungua kidogo. Aliyapika hivyo mtu mmoja tu, kwa kuwa siku zote alipika na mtoto mgongoni, akimtikisa anyamaze, akasahau sufuria.

“Njo yeye, Joviale,” alisema.

“Joviale njo nani?”

“Mutoto yangu. Alibakia kule ku kilima.”

“Ah,” alisema Maman Agathe. “Anapika muzuri.”

Maman Cibalonza alicheka, akalia, akajipangusa kwa kitenge, akalia tena. Pascal akampa maji. Maman Agathe si mtu mbaya. Alisema Maman anaweza kupita jioni kwa mlango wa jikoni, mradi anawe miguu bombani, kwa sababu karo, vigae vya sakafu, ni nyeupe.

Basi kila akitoka kazini alipanda basi mpaka mjini, akateremka Muhumba kwa miguu, akanawa, akaketi kwenye kigoda karibu na ukuta. Alitaka kujua Joviale yuko katika pano ipi, akanusa moja moja, akakuta yuko katika zote. Lori lilimchanganya, na chepeo ya Maman Cibalonza mwenyewe ikamalizia. Hakusumbuka sana na hilo. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili alijua binti yake amekula nini. Akirudi nyumbani, majirani waliuliza, “Leo banakula nini?” naye akajibu, “Maharagi na ndizi,” nao wakasema Mungu asifiwe.

Halafu jioni moja sombe ilikuja bila sambaza.

Usiku ule Maman Cibalonza alilala vibaya. Sambaza zile alizipeleka yeye mwenyewe, Jumamosi, siku moja kabla ya kilima, pamoja na unga na maharagi na chupa ya mawese. Alijua kilichokuwemo ndani ya ile nyumba kama anavyojua vidole vyake. Kule chini hakuna soko, hakuna jirani wa kuombwa chumvi. Wanakula kilichokuwemo, na kilichokuwemo kinaisha. Wiki zilivyokwenda, mawese nayo yalikoma. Maharagi yakakoma. Ikabaki harufu ya bugali mkavu wa muhogo, na siku nyingine bugali ulionuka ukoko, maana yake sufuria imekwanguliwa.

Alijaribu kuacha sahani chini ya ukuta. Sisimizi walikuja, wakala, wakaondoka, na Pascal akamsihi asirudie, yeye ndiye atagombezwa. Alipaka bugali kwenye viungo kwa kidole. Ulikauka pale pale.

Mwisho alimweleza Maman Agathe. Si kazi yake watoto wenye njaa?

Maman Agathe alimsikiliza vizuri, kwa moyo wote, hata akaweka simu chini. “Maman, programu iko wazi, mimi sikatazi mutu. Lakini lazima tupime mukono ya mutoto na ile utepe, tuone kama amekonda. Bila mukono, kweli, siwezi fanya kitu.”

Wote watatu, Pascal akiwemo, walitazama ukuta. Mkono haukutoka.

“Basi unipe ile mapano niende nayo kwangu,” alisema Maman Cibalonza. “Nitakutengenezea ingine.”

“Ukitoa moya unaharibisha yote, Maman. Wewe njo ulizitengeneza, unajua. Jani inaanza hapa, inaishia kule. Halafu mimi nimeshazoea.”

Alirudi Bagira akifikiri. Chakula hakipiti ukuta ukishakauka, hilo lilikuwa wazi. Kinatakiwa kuingia mapema, zege ikiwa bado nzito nzito kama uji. Na mchanga wa kilima ulikuwa bado mwingi pale uani, lori lilimwaga mwingine jana yake. Asubuhi alikuja na mfuko wa unga wa soya na mahindi, ule wa kupikia watoto buyi, uji wa kwetu, akautia katika ndoo ya zege. Kisha akatia sukari, kwa kuwa buyi bila sukari yule mdogo huitema. Alijua vizuri sukari inafanya nini. Fundi yeyote wa zege anajua: sukari kidogo tu, simenti inakataa kushika. Aliitia nyingi. Akakoroga, akamwaga kwenye kalibu, akawasha mota, akafunika kwa magunia yenye maji.

Jioni ile jikoni kwa Maman Agathe kulinukia buyi tamu, ya moto, yenye soya iliyokaangwa vizuri. Ilinukia muda mrefu.

“Banakula,” alisema Maman Cibalonza.

“Ninasikia,” alisema Pascal, akapunguza moto wake, akasimama naye wanuse pamoja.

Aliondoka pale anaimba. Kwenye basi alimweleza mwanamke aliyekaa naye kwamba wajukuu wake wamekula, na yule mwanamke akasema afadhali, watoto wa siku hizi wanasumbua kula.

Kesho yake Grégoire aliondoa magunia, akabonyeza pano ya kwanza kwa kidole. Kidole kilizama. Akabonyeza ya pili, ya tatu, safu nzima. Akakilamba kidole.

“Sukari, Maman.”

“Ndiyo, patron.”

“Juu ya nini?”

“Batoto balikuwa na njala.”

Grégoire aliketi juu ya mfuko wa simenti. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza.

“Maman, kila mutu hapa iko na mutu mu ule muchanga. Kaka yangu mukubwa Raphaël iko mu mapave ya parking ya ile hoteli mupya. Nalimujua siku ile ile balizitandika, namna anakohoaka. Magari inamupita juu kila siku, na mimi napita pale, namusalimia, naenda. Unafikiri siumwi?” Alijifuta uso kwa mkono wenye simenti. “Lakini client anangoja. Nikiweka sukari ya kila mutu, tutauza nini?”

 Pano laini zikazolewa kwa chepeo, zikatupwa mferejini, mvua ya mchana ikazichukua kuelekea ziwani. Maman Cibalonza alivua kitenge cha kazi, akakikunja, akavaa viatu. Wavu wa kuchekechea akapewa mwanamke mwingine, ambaye alikuwa ameomba kwa siku nyingi, kwani mume wake naye hajapatikana.

Alijaribu tena mara moja. Alipika buyi nyumbani, sufuria nzima, akaibeba kichwani mpaka kilimani. Mlinzi alimruhusu, akasema amwage haraka, lori linakuja. Aliimwaga yote ardhini, ikanywewa. Jioni ukuta wa Muhumba ulinuka moshi tu. Hawakuwa tena kilimani. Yeye mwenyewe alishawachekecha, akawatoa kule.

Siku chache baadaye harufu ilibadilika. Ilikuwa nyepesi, tamu kidogo, karibu ya supu. Maman Agathe alipita kuchukua glasi, akanusa, akaridhika.

“Leo inanuka kidogo tu. Afadhali, niko na bageni.”

Mlango wa salon walimokaa wageni ulijifunga nyuma yake. Maman Cibalonza alikuwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

“Ni supu?” aliuliza Pascal.

“Haiko supu. Ni maganda ya kitunguu.”

Akamweleza, kwa sababu Pascal ni kijana wa mjini na hakuyajua hayo. Mwaka ule walipokimbia vita na kulala msituni, watoto wakilia njaa na hakuna kitu, mama anateleka maji, anatia maganda ya kitunguu na chumvi. Maji yanachemka, harufu inatoka, watoto wanaona chakula kiko jikoni. Wanangoja. Wakingoja sana wanalala. Ni yeye aliyekuwa anateleka, na Joviale ndiye aliyekuwa analala. Joviale alikuja kujua amekuwa mkubwa, na alicheka sana, akasema yeye hatawafanyia watoto wake hivyo kamwe.

Pascal aliendelea kukaanga kuku wa wageni. Kuku alikuwa mnene, na kitunguu saumu, na ndimu. Jikoni kote kulinukia kuku.

“Pascal,” alisema Maman Cibalonza, “kama harufu yabo inatoka huku, ya kwetu inaendaka wapi?”

Pascal alifikiri, kijiko mkononi.

“Inaendaka kwabo,” alisema. “Labda tangu mwanzo.”

“Funika, mwana. Nakuomba. Funika kidogo.”

Alifunika. Akapunguza na moto.

Maman Cibalonza alivuta kigoda, akaegemeza paji la uso kwenye jani la mgomba. Kazi ya kuteleka ni ya mama, lakini usiku ule msituni palikuwa pia na bibi mzee, na kazi ya bibi ilikuwa kusema. Akasema, kwa sauti ile ya kulaza watoto.

“Iko karibu kuiva, bajukuu yangu. Mulale kidogo. Ikiiva, mimi koko yenu nitabaamusha.”

Akanusa. Maganda yalikuwa bado yanachemka.

“Iko karibu. Kidogo tu imebakia. Mufunge macho.”

Kutoka salon, katikati ya kicheko cha wageni, Maman Agathe aliita kuuliza kuku imefika wapi. Pascal alimtazama mwanamke yule mgongoni. Maman Agathe akaita tena, kwa upole. Pascal akafunua sufuria.