Mbio za Mawifi

Tangu fundi cherehani aolewe na kaka wa rafiki yake wa shule, yeye na wifi yake huyo walikuwa na ubishi usioisha: enzi zile, nani alikuwa na kasi zaidi? Wote walikimbia mbio za kupokezana vijiti katika timu moja, wifi akikimbia wa tatu na kumkabidhi kijiti fundi, aliyekuwa mkimbiaji wa mwisho. Kushindana wenyewe kwa wenyewe hawakuwahi.

Basi walipokuta njia mbili za wageni kujaribu mbio, zenye taa ya kuanzia, ndani ya makumbusho ya michezo, fundi alivua viatu.

"Magoti yako umeshayaaga?" aliuliza wifi, mkoba mkononi.

"Aga ya kwako. Leo tutajua mbivu na mbichi."

Taa ya kijani ilipowaka, fundi alichomoka kama mshale. Akasikia nyuma yake hatua za wifi, zilezile nzito za ujanani, na kabla akili haijamwambia lolote, mkono wake ulikuwa umejinyoosha nyuma, kiganja wazi. Kufumba na kufumbua, mkoba ukatua kiganjani. Akakimbia nao hadi mwisho.

Alipogeuka, wifi alikuwa amesimama katikati ya njia, anahema, mikono juu, akishangilia.

"Umeshindwa, wifi," fundi alisema, akicheka hadi machozi.

"Nishindweje, na sisi ndio tumeshinda?"

"Tumemshinda nani?"

"Wote waliokuwa nyuma yangu."

Fundi alichungulia nyuma ya wifi yake. Hapakuwa na mtu. Akainua mkoba juu, naye akashangilia.