Pikapu ya Kushukia Mlima

Mwaka ule dizeli ilipokuwa ikisubiriwa kwenye foleni ndefu za madumu, Felisiani wa Endabash alitafuta pikapu isiyokunywa mafuta. Mkewe, Lukresia, alikuwa mjamzito. Mimba mbili za awali ziliharibika, ya mwisho wakiwa njiani kwenda hospitali juu ya tela la trekta. Safari hii Felisiani alikuwa ameapa kwamba uchungu utakapoanza, gari litakuwa uani na dizeli itakuwamo.

Pikapu mbili zilikuwa zikiuzwa. Ya kijani, mali ya misheni, ilikuwa nzito. Ilisifika kwa breki zake na kulaumiwa kwa kiu yake. Nyeupe ilikuwa ya Metui, mfanyabiashara wa mbuzi wa Ngorongoro na rafiki wa Felisiani tangu ujana.

"Hii inafunga Kwaresima mwaka mzima," Metui alijigamba walipomfuata kwake Ngorongoro. "Pandeni tushuke Karatu, mjionee."

Wakabanana watatu mbele, Lukresia akiwa katikati. Walipoanza kuteremka msituni, Metui alizima injini. Pikapu ikateleza kimya ndani ya ukungu.

"Shemeji, mbona imenyamaza?" Lukresia aliuliza.

"Ndiyo siri yake. Mlima ukikubeba bure, injini uilishe ya nini?"

Felisiani alicheka kwa furaha. Tayari alikuwa amekwisha kuinunua moyoni.

Nyuma ya kona nyati walikuwa wametanda barabarani. Metui akakanyaga breki, akakanyaga tena. Mara ya tatu kikanyagio kilikuwa kigumu kama jiwe, kwa sababu breki zile zilisaidiwa na injini. Felisiani alimkumbatia mkewe kwa mikono yote miwili. Metui akakata usukani, akaipandisha pikapu kwenye kingo za udongo upande wa mlima. Ikasimama, imeinama. Nyati waliwatazama, kisha wakaingia porini bila haraka.

Lukresia alikuwa ameshika tumbo. Felisiani hakuthubutu kumwuliza.

"Anacheza," alisema hatimaye, akauchukua mkono wa mumewe na kuuweka pale.

Metui aliinamisha kichwa. "Nisamehe, shemeji. Miaka yote nashuka hivi."

"Najua hukutudanganya. Lakini isiyokunywa mafuta si gari lako, shemeji. Ni mteremko."

"Ile ya kijani itatumaliza," Felisiani alinong'ona. "Nitahamia kwenye foleni ya dizeli."

"Hamia, nitakuletea chai. Sokoni tutakwenda na punda kama siku zote. Dumu moja likijaa, tutalifungia stoo, lingoje siku yake."

Wakanunua ya kijani. Metui ndiye aliyekwenda kuikagua, akalala uvunguni mwake na shuka lake jekundu hadi likajaa grisi.

Uchungu ulianza mchana, mvua za vuli zikinyesha. Felisiani alimimina dumu lote kwenye tangi, akamketisha mkewe, wakaondoka. Kila mteremko aliushuka kwa gia ya pili, injini ikinguruma, mguu wake ukiwa mwepesi juu ya breki. Matope yalikuwa mengi, lakini gari halikuserereka. Mbele, juu ya miti, paa la hospitali likaanza kuonekana.

Maumivu yalipotulia kidogo, Lukresia aliuliza, "Inakunywa?"

"Inakunywa mno, mke wangu."

"Iache inywe," alisema, akamwegemea begani.