Maji Katika Mtungi wa Posa

Wazee wawili wanaopenda kubishana huwapatanishi kwa kuwatenganisha. Wape kazi ya kubishana, utawaona wanavyopendana. Adventina alilijua hilo tangu mdogo. Kwa hiyo Mwalimu Shibuda alipompa kazi ya kuongoza filamu fupi ya kikundi cha shule, hakuhangaika. Aliandika hadithi ya posa, kisha akawaomba waigize wale wale ambao kijiji chao cha Nyakahura huwaita posa ikija ya kweli: babu yake, Mzee Xavery, aseme kwa upande wa binti, na Mzee Celestini aseme kwa upande wa kijana.

Kwenye posa baba mzazi hukaa kimya kama gunia la mahindi. Anayezungumza ni msemaji, na msemaji huchaguliwa kwa ulimi wake. Mzee Xavery ni Msubi wa hapo hapo, amezaliwa akakuta makaburi ya babu zake shambani. Mzee Celestini aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake, wakitokea Burundi, na sasa ana wajukuu wanaomcheka akihesabu kwa Kirundi. Kwa miaka mingi wazee hawa wamekutana nyuani kwa watu, huyu anaomba, huyu anakataa, na posa ikiisha hurudi nyumbani njia moja, wakisifiana kwa maneno waliyotupiana.

Maandalizi yalikwenda vizuri hadi Adventina akaanza kujiogopa. Vigoda vilipatikana, vitenge vya akina mama vilipatikana, ua wa babu ulifagiwa mpaka kuku wakapotea njia. Kilichokuwa hakina mzaha ni Jumamosi. Kamera ilikuwa moja kwa shule zote, na aliyekuwa nayo ni Suzan, dada mmoja wa Biharamulo mjini anayefundisha vikundi vya filamu. Alishasema kwenye simu kwamba Jumamosi asubuhi atashuka Nyakahura, na jioni atapanda gari la Ngara, maana kikundi cha Nyamiaga kinamsubiri. Akikuta hawako tayari, ataendelea na safari yake. Adventina alikuwa kidato cha tatu, na mwaka unaofuata angekuwa cha nne, ambao hawaruhusiwi kwenye vikundi. Jumamosi hiyo ikipita, filamu yake ingebaki karatasi.

Tatizo lilianza kwa kalamu nyekundu. Mwalimu Shibuda alisoma hadithi, akafika mahali palipoandikwa kwamba wazee wanakunywa rubisi kwa mirija kutoka mtungi mmoja, akazungushia. Alisema shule haiwezi kuonekana inanywesha watu pombe, hata kama wanyweshwaji ni mababu. Wekeni maji, akasema, mtungi wenyewe unafunikwa majani ya mgomba, nani atachungulia? Adventina akaona ni kweli. Mbona hata mchuzi wa kwenye filamu wangeupika kwa rangi? Akajaza maji, akafunika, na hakumwambia mtu.

Alhamisi wakafanya mazoezi. Wazee walianza polepole, kama watu wanaopima kina cha mto kwa fimbo, halafu wakachangamka. Wanafunzi walisahau kwamba wanaigiza. Ukafika wakati wa mtungi. Desturi ni kwamba mwenyeji anaonja kwanza, mgeni aone kwamba kinanyweka, ndipo apewe mrija. Mzee Xavery akavuta. Yakaja maji. Lakini asubuhi ile mjukuu wake alikuwa amemsisitiza kwamba litokee la kutokea, asitoke nje ya kuigiza, na yeye ni mtu anayeshika maagizo. Akameza, akatabasamu, akapangusa mrija, akampa mwenzake.

Mzee Celestini akavuta mara moja tu. Akaulaza mrija juu ya mdomo wa mtungi, taratibu, kama anayelaza mtoto. Akasimama, akavaa kofia, akampa mkono kila mmoja kuanzia mkubwa hadi mdogo, akasema, "Mmetuheshimu, tumeona," akapita katikati ya migomba akaondoka.

Wanafunzi walipiga makofi. Adventina mwenyewe alifurahi, akaandika pembeni ya karatasi yake kwamba kule kuondoka hakukuwamo kwenye hadithi lakini kutabaki. Wakamsubiri arudi kutoka migombani. Wakasubiri mpaka makofi yakaona aibu.

"Mjukuu wangu," Mzee Xavery akasema, "yule haigizi. Yule amekwenda kwake."

Ndipo alipomweleza. Posa ikikataliwa, kwa kina Celestini na hata kwao wenyewe, hakuna anayefungua kinywa akasema hapana, kwa sababu watu wataendelea kukutana kisimani. Mtungi ndio unaojibu. Mgeni akivuta akakuta maji, ameambiwa aende na asiirudishe habari ile. Na msemaji aliyenyweshwa maji habishi hodi tena kwenye mlango ule. Adventina akamuuliza kwa nini basi hakusema alipoonja. Babu akamjibu kwamba alidhani ndivyo filamu zinavyotaka.

Ijumaa alitoka shule akaenda moja kwa moja kwa Mzee Celestini. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba nzuri kabisa. Akaletewa viazi vitamu vya moto na maharage. Akaulizwa masomo, akaulizwa kikohozi cha mama yake. Kila alipotaka kuitaja filamu, mzee aliingiza wadudu wanaosumbua maharage mwaka huu. Akigeuza mazungumzo, anakutana na bei ya mbegu. Alirudi ameshiba na hana jibu. Mke wa mzee alimsindikiza hadi njiani, akamwambia, "Mwanangu, kidonda hakioshwi na aliyekikwangua. Tafuta wa kukusemea, nawe ufunge mdomo kama bibi harusi."

Babu hangeweza kumsemea, kwa kuwa mrija ulitoka mkononi mwake. Akabaki Mwalimu Shibuda. Sasa huyo Mwalimu ni mtu mwema, Msukuma mrefu anayefundisha hesabu, lakini huzungumza kama anaandika ubaoni: sentensi, nukta, sentensi. Kwanza alicheka. Kisha akasema jambo hili linamalizwa kwa simu. Adventina alitazama chini, kama mtoto aliyelelewa, lakini neno akalitoa.

"Mwalimu, maji yale ni ya kwako."

Mwalimu akauliza mtu huvaa nini akienda huko.

Jumamosi asubuhi Suzan akashuka na begi lake, akakuta ua umepambwa na hauna watu. Aliwakuta njiani wakielekea kwa Mzee Celestini: Mwalimu mbele amevaa koti, nyuma yake Adventina amejitwisha mtungi wa mutobe, juisi ya ndizi ambayo Mzee Xavery aliikamua alfajiri. Mutobe haujachacha, haumleweshi mtu, na hakuna aliyewahi kuuona kuwa tusi. Mwalimu alikubali uchukue nafasi ya rubisi hata kabla hajamaliza kuelezwa. Suzan alipoelezwa mkasa akafungua begi haraka, akasema hii ndiyo filamu yenyewe, waacheni niwafuate.

Kamera hiyo ndiyo Adventina aliyoiota muhula mzima.

"Dada Suzan, yule mzee tumeshamchezea mara moja bila yeye kujua. Tusirudie."

Suzan akamtazama, akafunga begi. Akatazama na jua pia, kisha akafuatana nao.

Mzee Celestini alikuwa kizingitini. Aliwapa mikono, hakuwakaribisha ndani. Mkewe alimvuta Adventina akamkalisha mkekani karibu yake, nyuma ya mzee, uso kwa uso na Mwalimu. Mwalimu akakohoa ili aanze sentensi yake ya kwanza. Mzee akamuwahi.

"Kitendawili."

"Tega," Mwalimu akajibu kabla hajafikiri.

"Kisima kimoja, ng'ombe wanakizunguka, kila mmoja anakunywa kwa mkia wake."

Mwalimu akasema bwawa. Akasema Ziwa Victoria. Adventina alikuwa akinyonya hewa mkekani, mashavu yamezama kama mtu mwenye mrija, lakini Mwalimu alimtazama kwa kumhurumia, akadhani jino linamuuma.

"Nipe mji," Mzee akadai, kama anavyodai kila mtega kitendawili kisichoteguliwa.

Mwalimu akampa Ngara. Mzee akaipokea, akasema, "Nimekwenda Ngara. Wakanipa kigoda, wakanipa mtungi, na kilichokuwamo ndicho walichokisema." Wote wakatazama miguu yao. Kisha akawafunulia: wazee, mtungi na mirija.

Akatega cha pili, cha mama anayezaa mara moja tu kisha anakatwa shingo na wanawe wanashika nyumba. Mwalimu, aliyekulia kwenye mpunga na pamba, alipapasa papasa akapotea, huku migomba yenyewe ikimpapasa mgongo. Akampa Biharamulo. Akaondoka nayo mzee, na boma lake la Wajerumani, na soko, na stendi.

Hapo Adventina akajitambua. Ulimi wake umefungwa, lakini kazi yake tangu mwanzo haikuwa kusema. Kazi yake ni kumfanya mwingine aseme. Akaacha kuhangaika na mashavu. Akasubiri Mwalimu amtazame, akainua kiganja kidogo: tulia. Mwalimu akatulia.

"Nikimfukuza ananikimbia, nikimkimbia ananifuata, na mvua ikija hatuna habari naye," Mzee akatega cha tatu.

Adventina akasogeza mkono wake juani, taratibu, akatazama umbo lake mkekani. Mwalimu naye akatazama mkekani.

"Kivuli," akasema, na furaha iliyomtoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la pili.

Mwenye kutegua hutega. Zamu ikawa ya Mwalimu, na Mwalimu hana hata kimoja kichwani. Akamtazama mwongozaji wake. Adventina akachongoa midomo kuelekea begi la Suzan. Akafumba jicho moja. Akagusa paji la uso: anakumbuka; akasugua vidole kama anayetia chumvi, kisha akatikisa kichwa: haongezi.

Mwalimu akaanza kusema polepole, sentensi, nukta, lakini safari hii nukta zilimfaa. "Ana jicho moja. Mdomo hana. Anaiona posa yote. Mwakani ataisimulia vile vile, bila kuongeza chumvi."

Mzee akafikiri. Akasema mwizi mwenye chongo. Mkewe akacheka mpaka akafuta macho kwa khanga. Mzee akasema kuku. Akasema mke wa jirani, halafu akajirudi, maana huyo huongeza chumvi. Mwishowe akanyoosha mikono.

"Nipe mji," Mwalimu akasema.

"Nakupa Nyakahura. Ndio ulionibakia."

Mwalimu akavuta pumzi. Akamtazama Adventina, naye akamwashiria kwa kidevu kwamba hapo ndipo.

"Nimekwenda Nyakahura," Mwalimu akasema. "Nikamkuta mzee amenyweshwa maji na watoto. Nikawauliza watoto. Hawakujua maana yake. Nikauliza nani aliwaagiza maji. Wakanionyesha mimi. Na mimi sikujua, ila kutojua hakujamwondolea mzee aibu. Kwa hiyo nimekuja na mtungi mwingine, nimeuonja mwenyewe."

Mzee Celestini alivua kofia, akakuna kichwa, akaivaa. Akauliza huyo mwenye jicho moja ni nani. Akaambiwa kamera. Akataka kumwona. Suzan akaitoa kwenye begi, mzee akaiinamia, kamera nayo ikamtazama.

"Huyu asiyeongeza chumvi, Alhamisi alikuwapo?"

"Hakuwapo, babu," Suzan akajibu.

"Basi habari za Alhamisi hazina msimulizi." Akageuka kwa Adventina. "Nawe mwenye kusema kwa vidole, unadhani mgongo wangu hauna macho? Fungua mdomo, mama, utaumwa taya."

Akaingia ndani kuchukua koti lake la posa.

Walianza kurekodi uani kwa babu jua likiwa limeshainama, na Suzan akasema mwanga huo ni mzuri kuliko wa asubuhi, huenda ni kweli, huenda ni adabu tu. Adventina aliinua mkono, akaushusha. Kwenye karatasi posa ilikuwa ndogo: ombi moja, jibu moja, vigelegele. Mzee Celestini akaomba vizuri sana. Mzee Xavery akakataa. Celestini akaomba kwa njia nyingine, akapitia kwa mababu, akapitia kwa ndama. Xavery akakataa vizuri zaidi. Mwalimu akamnong'oneza Adventina kwamba hayo hayamo kwenye karatasi. Adventina akainua kiganja kidogo, na Mwalimu akatulia.

Gari la Ngara likapita barabarani likipiga honi. Suzan hakugeuka. Jicho lake lilikuwa kwenye kamera, na Mzee Xavery ndiyo kwanza alikuwa anasafisha koo akatae tena.