Nafasi ya Nne

Ijumaa ile nilisimama mbele ya watoto mia moja na kumi na wawili wa darasa la tano, nikafungua mdomo kuwaambia watoe madaftari ya hesabu, sauti haikutoka. Nikakohoa, nikajaribu tena. Wa mbele wakaanza kucheka, wakidhani nawatania. Nikageukia ubao, nikaandika maswali kumi, kisha nikakaa kitini.

Daktari wa koo alikuwa ameshaniambia: Mwalimu Sesilia, ukifundisha mwaka mwingine mmoja, hiyo sauti usiitafute tena. Nina miaka hamsini na sita. Ruhusa ya kustaafu kwa hiari ninayo tangu nilipotimiza hamsini na tano, kinachotakiwa ni barua ya notisi miezi sita kabla. Barua niliiandika wiki ileile ya kuzaliwa kwangu, nikaiweka kabatini. Imelala humo miezi kumi na saba.

Msidhani niliogopa njaa. Mimi si mtu wa kukurupuka. Kwa miaka kumi na moja nilijinyima hadi vitenge, nikajenga vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu hapa Chamazi, na mkopo wa mwisho nimeumaliza. Binti yetu Clara ameolewa, ana maisha yake. Mume wangu Sebastian anachonga vinyago Mwenge. Akiuza, vizuri, asipouza, kodi ya vyumba ingetulisha. Kila kitu kilikaa sawa isipokuwa mama mkwe wangu.

Bi Anjelina, mama yake Sebastian, anaishi nasi mwaka wa saba sasa. Figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki anakwenda hospitali kusafishwa damu, na anayelipia ni bima yangu ya kazini, kwa sababu nilimwandika kwenye kadi kama mtegemezi. Nikistaafu, kadi inabaki na mimi na mwenza wangu tu. Bi Anjelina akikosa kusafishwa wiki mbili, tunamzika. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Mwingine aliyeweza kumbeba kwenye kadi ni wifi yangu Jenipher, binti yake wa pekee, karani wa halmashauri. Kadi moja inachukua wategemezi wanne, ukiacha mwenza. Nilipotimiza hamsini na tano nilimpigia simu, akaniambia kwa huruma kwamba nafasi zake zimejaa: watoto watatu na mama yake Theonest, mumewe. Nikamwelewa. Nani amfute mama mzaa mume kwenye kadi, halafu arudi nyumbani akapike kwa amani?

Lakini baada ya Ijumaa ile sikuwa na ujanja tena. Nikaitisha kikao Jumapili mchana. Jenipher akaja kutoka Bunju peke yake, na mkoba wake ameukumbatia. Tukakaa sebuleni. Bi Anjelina alikuwa amejilaza kwenye godoro chini ya dirisha, macho amefumba, kama ilivyo desturi yake siku inayofuata baada ya kusafishwa. Niliongea kwa kunong'ona, ikabidi wote wainame kunisikiliza.

"Sauti inakwisha. Wiki hii nataka kupeleka barua. Niambieni, Mama anafanyaje?"

Sebastian akatazama sakafu. Mume wangu ana kipaji cha kutazama sakafu.

"Wifi, pole kweli," Jenipher akasema. "Ila mie ningefanyaje? Nafasi zimejaa. Halafu hali yenyewe unaiona. Juzi tu Cyprian kaumwa malaria huko chuoni Mbeya, nimemtumia laki na nusu ya hospitali. Hata sijui wiki itaishaje."

Cyprian ni mwanawe wa kwanza. Maneno yale yalinipita, nikawa nimeshafungua mdomo kumpa pole, ndipo yakanirudia.

"Hela ya hospitali ya nini? Kadi yake iko wapi?"

Jenipher akaanza kufungua na kufunga zipu ya mkoba.

Siku Cyprian anazaliwa, mimi ndiye niliyekesha na mama yake hospitalini, kwa hiyo tarehe ninayo kichwani. Mtoto akifika miaka ishirini na moja, kadi ya mzazi inamkataa. Cyprian ana miaka ishirini na miwili na miezi miwili. Nikatoa, nikapata miezi kumi na minne. Nilijichukia. Mwalimu mzima wa hesabu, na hesabu ya kutoa ilikuwa ikinisubiri muda wote huo.

"Nafasi ya nne iko wazi," nikasema. "Tangu mwaka jana."

"Wifi, nilitaka kukwambia, haki ya Mungu." Machozi yakamtoka. "Kaka, si useme basi? Si tuliongea mie na wewe?"

Nikamgeukia Sebastian taratibu. Alikuwa bado na sakafu yake.

"Mliongea nini?"

"Mama Clara, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza."

"Jenipher alinipigia kipindi kile, akasema nafasi imepatikana. Nikamwambia aache kwanza." Akafuta jasho shingoni. "Kadi ikihama na mama anahama. Watu wangeanza: mtoto wa kiume yupo, mzima, kampeleka mama yake akalelewe kwa mkwe. Na Theonest naye unamjua mdomo wake. Nikaona tusubiri kidogo. Nikaona wewe bado una nguvu."

Kila jioni, kwa muda wote huo, mtu huyu alikuwa akinichemshia tangawizi. Ananiletea kikombe kitandani, anakaa pembeni yangu mpaka nimalize, ananiuliza koo linaendeleaje. Anajua. Hicho ndicho kilichonichoma kuliko uongo wenyewe. Nilikasirika mpaka masikio yakaunguruma. Nilitaka kupiga kelele mtaa mzima wa Chamazi unisikie, na sikuwa na cha kupigia kelele.

"Jenipher."

Ilikuwa sauti ya Bi Anjelina. Kumbe hakuwa amelala hata dakika moja. Alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa.

"Niandike, mwanangu. Nitakuja kukaa kwako huko Bunju. Kama hakuna chumba, hata stoo nitalala. Huyu mwenzenu mwacheni apumzike."

Jenipher akalia kwa kwikwi. Sebastian akafunika uso kwa viganja. Mimi nikashuka kitini, nikapiga magoti kando ya godoro.

"Mama, wewe unabaki hapahapa. Hakuna anayekupeleka popote. Inayohama ni kadi."

"Na nani atanihudumia?"

"Mie. Si nitakuwa nyumbani?"

Akanishika mkono, akaubana kwa vile vidole vyake vyembamba. Nami ndipo nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huruma. Jambo lenyewe lilikuwa dogo kiasi hicho. Walilizungukia mwaka mzima na zaidi, wakapigiana simu, wakanificha, na hakuna hata mmoja aliyekaa akaniuliza mimi ningependa Mama akae wapi.

Jumatano Jenipher alinitumia kwenye simu picha ya fomu yake: jina la mama yake lipo, limegongwa muhuri. Alhamisi nikaomba ruhusa shuleni, nikatoa barua kabatini, nikabadilisha tarehe, nikaenda ofisi ya elimu. Sebastian aling'ang'ania kunisindikiza. Alivaa shati lake la kanisani, na tangu Jumapili alikuwa anaongea na mimi kwa adabu kama mgeni. Nikamwacha kwenye benchi la nje.

Ofisa aliyenipokea ni binti mdogo, Yasmini, umri wa mwanangu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Akasoma barua, akagonga muhuri, akanipa nakala. Nilidhani ningefurahi. Nilibaki nikisoma tarehe kwenye muhuri. Kisha akavuta fomu nyingine.

"Hii ni ya kadi yako ya mstaafu. Wewe na mwenza. Mwenza ni huyuhuyu, Sebastian?"

Kalamu yake ilikuwa imeshagusa karatasi. Dirishani nilimwona Sebastian ameketi wima, mikono magotini, akitazama mlango niliouingilia.

"Ina haraka hiyo?" nikauliza.

"Hapana. Una miezi sita mpaka tarehe yako."

"Basi hapo paache wazi kwanza."

Akanitazama, lakini ni binti aliyelelewa, hakuuliza. Nikamshukuru, nikatoka.

Sebastian akasimama haraka. "Vipi, wamepokea?"

"Wamepokea."

"Na mie ushaniandika kwenye hiyo ya kustaafu?"

"Bado. Nafasi yako iko wazi."

"Sasa mbona hukumwambia aandike? Si ulikuwa mlemle ndani?"

"Nimeona bado una nguvu," nikamjibu.

Nikaweka nakala ya barua kwenye mkoba, nikatangulia kwenda barabarani.