Nguzo ya Sita, Kituo cha Pimpalvane

Hii ukiisikia utasema natia chumvi, lakini ilitokea, tena asubuhi kweupe, behewa zima likishuhudia: binti alimkana baba yake mzazi, na baba akamsaidia kumkana.

Asubuhi hiyo, Jumanne, Mrunal ndiyo kwanza kapanda behewa la wanawake, kakaa dirishani, sanduku la chakula mapajani, simu mkononi. Kiti aliwekewa na Nalini, mama wa makamo ambaye wote humwita shangazi, na ambaye hupandia kituo cha mwanzo na kuwatandazia wenzake mitandio. Kundi lao ni wanawake saba wa maofisini, na Mrunal ana wiki tatu tu humo. Walipomuuliza baba yake anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko reli."

Reli alikuwepo, ndiyo. Pimpalvane ilianza kama kituo cha kupakia mawe ya machimbo, na babu yake baba ni mmoja wa waliopasua yale mawe meusi ya ofisi ya tiketi. Baba mwenyewe, Dattaram, mwaka jana alibeba zege kichwani jukwaa la pili liliporefushwa, ili treni ya mabehewa kumi na mawili iwe ya kumi na tano. Zege lilipokauka, kibarua kikaisha. Sasa ni mlinzi wa ghorofa mjini, na mwezi huu ameshachelewa mara mbili. Wamemwambia akichelewa ya tatu asirudi.

Sasa sikiliza. Kituo kina daraja moja la miguu, jembamba, la tangu enzi za mawe, na watu wote wa mabanda ya mashariki hupita hapo wakisukumana. Miaka ishirini Dattaram anashuka ngazi, anahesabu nguzo mpaka ya sita, penye bomba la maji, anasimama. Mlango wa behewa lake unakuja kusimama puani pake. Jumatatu treni ndefu ilipoanza, kila kitu kikasogea. Nguzo ya sita ikawa ya behewa la wanawake. Kibao kipya cha kuonyesha behewa lipi husimama wapi kimo stoo kwa mkuu wa kituo, kinangoja saini. Kile cha zamani kikaachwa pale pale kidanganye watu.

Habari ilirushwa Jumapili kwenye kundi la simu la kina Nalini. Mrunal akaisoma, akajibu kwa dole gumba, akalala. Baba ana simu ya vitufe, na Jumatatu ndiyo siku yake ya mapumziko. Kumwambia, akasahau.

Basi treni imeshaanza kujongea, mzee mmoja akateremka ngazi mbio, akadaka chuma cha mlango, akaruka ndani. Kuinua kichwa, sari tupu.

"Mjomba, yako umeisahau nyumbani?" mmoja akamtupia. Mwingine akauliza kama kaja kusukwa. Wakacheka, halafu wakakasirika, maana wiki iliyopita aliingia mwanamume hivyo hivyo na mikono yake haikutulia. Dattaram akabana mgongo mlangoni, mikono kifuani, anajieleza kwamba nguzo ni ile ile. Nani amsikilize? Macho yake yakazunguka, yakamkuta Mrunal. Akafungua kinywa. Akaona mkono wa Nalini begani kwa bintiye. Akakifunga.

Nalini hana roho mbaya. "We unapandia pale," akamwambia Mrunal. "Unamjua huyu? Kama ni mtu wa watu, tutamwambia mkaguzi kapotea, amwachie."

Mrunal akatazama viatu vya baba, vile alivyovishona kwa waya.

"Simjui."

Nalini akamgeukia mzee. "Na wewe? Una mtu humu?"

"Sina, mama," Dattaram akasema. "Huyo binti msimsumbue."

Kituo kilichofuata mkaguzi alikuwa kashajitega penye mlango ule ule kama paka kwenye tundu la panya, kitabu cha faini mkononi. Nyuma yake wanaume kumi na mmoja wamechuchumalishwa ukutani, wameshushwa treni zilizotangulia, wote wa nguzo ya sita. Baba akawa wa kumi na mbili. Alivua kofia ya ulinzi, akaificha chini ya kwapa. Treni ikaondoka.

Jioni Mrunal alikuta sare ya ulinzi imekunjwa juu ya sanduku la bati. Mama akasema baba yako kateleza kwenye ngazi za daraja, kachelewa, wamemfukuza. Baba akamsogezea binti mkate wa mtama.

"Baba, asubuhi mimi..."

"Kula. Unapoa."

Kesho yake baba naye akavaa, akatafute kibarua mjini. Mlangoni akasimama. Hakuwa na hasira, alisema kama anayemkumbusha mtu mwavuli: "Tangulia wewe. Mimi nakuja nyuma nyuma. Wenzako wasije wakatuona pamoja."

Mrunal akatangulia. Nguzo ya sita, kibao ni kile kile. Treni ikaingia, Nalini anampungia dirishani, mtandio umeshatandazwa. Mrunal akageuka. Kule chini ya ngazi za daraja baba kainama, anajifanya anafunga kamba za viatu, na vile viatu vya waya havina kamba.

Treni husimama Pimpalvane sekunde ishirini. Wewe ungepanda?